Hafu shafti ya DX imekataa kutoka, leo siku ya tatu (Malindi)

Mtoto_wa_Muyeye, Ijumaa usiku

Salaam kwenu nyote. Nitaandika kwa urefu kwa sababu najua maswali yatakuja, bora niyajibu mapema. Hafu shafti ni ile fito ya chuma inayotoka kwenye difu (lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma) na kuzungusha gurudumu.

Gari ni Corolla DX, KE70 ya 1983, injini ya 4K. Ilikuwa ya marehemu baba. Kwa miaka mingi aliitumia kuleta samaki kutoka Ngomeni hadi sokoni Malindi, buti limejaa barafu na maji ya chumvi yakichuruzika chini njia nzima. Kwa hiyo kutu ya huko nyuma si ya jana.

Ilianza kwa mvumo. Ukifika kilomita 50 kwa saa, gurudumu la nyuma la kulia linavuma kama ndege ya mbali. Ukikata kona kwenda kushoto mvumo unapanda, ukikata kulia unashuka. Baadaye nikaona oili upande wa ndani wa tairi, na nikishika breki gari inavuta kushoto. Nikajua beringi imekwisha na oili sili (ule mpira wa kuzuia oili) imekwenda nayo.

Nimeinua gari, nimeweka stendi, mawe mbele ya magurudumu ya mbele. Dramu ilitoka kwa kufunga bolti mbili kwenye yale matundu yake mawili yenye nyuzi. Nikatoa breki shuu. Nikafungua nati nne zinazoshika beringi, nikipitisha spana ya boksi kwenye tundu la flenji (ule uso wa shafti unaofungwa gurudumu) na kuizungusha shafti kila nati. Shafti inazunguka kwa mkono bila shida. Nikavuta, wapi. Nikarudisha dramu ikiwa imegeuzwa ndani nje, nati nimezishika nyuzi chache tu, nikawa naivuta kwa kishindo kama jirani alivyonifundisha. Saa mbili nzima na haikusogea hata unywele. Jana nikatia mtalimbo kati ya flenji na sahani ya breki, sahani ikaanza kupinda, nikaacha.

Hapa mtaani nina ushauri wa aina mbili. Mmoja anasema kuna kilipu ndani ya difu, lazima difu ifunguliwe kwanza. Mwingine anasema aitwe mtu wa gesi apige moto mpaka chuma kiwe chekundu. Sitaki kuiharibu gari hii. Ndiyo inayompeleka mama kliniki kila mwezi, naye hapendi kupanda nyingine. Nifanye nini?

Fundi_KisumuNdogo, Ijumaa usiku

Pole sana kijana wangu, na Mungu amrehemu mzee. Umefanya vizuri kuacha mtalimbo kabla sahani haijakunjika, maana sahani ikipinda breki shuu hazitakaa sawa tena.

Nikutoe wasiwasi wa kilipu. Zipo ekseli, hasa za magari ya Kimarekani, ambazo shafti hufungwa kwa kilipu ndani ya difu, na hizo hata ukivuta mwaka mzima hazitoki. Ya kwako si hiyo. Kwenye DX, ule upande wa difu una meno tu, na meno hayo yanateleza ndani ya gia bila kushikwa na chochote. Umesema mwenyewe shafti inazunguka kwa mkono. Basi difu haina kosa, iache.

Kinachokushika ni kitu kimoja, nacho kiko karibu na mkono wako. Beringi imekazwa kwenye shafti, na nyuma yake kuna kola ya chuma iliyoingizwa ikiwa moto ikabana. Ganda la nje la beringi limekaa ndani ya mdomo wa hauzingi, lile bomba nene linaloifunika shafti. Hapo ndipo kutu ilipoingia. Shafti nzima urefu wake wote iko huru isipokuwa upana wa beringi ile, vidole viwili hivi. Ukilielewa hilo utaacha kupigana na gari na utapigana na mahali penyewe.

Kabla ya jingine lolote, washa tochi uhesabu nati tena. Nne. Nimewahi kuletewa gari hapa, watu wamelivuta siku nzima na nati ya chini imejificha kwenye matope ya oili.

Mtoto_wa_Muyeye, Ijumaa usiku

Nimehesabu fundi. Nne zote zimetoka, ziko kwenye kisahani hapa mbele yangu. Ahsante sana kwa la kilipu.

Mwenye_Landi, Jumamosi asubuhi

Mbona mnajisumbua? Land Rover yangu, ile ya zamani, ni bolti sita tu za flenji. Nafungua, nagonga kidogo, hafu shafti inatoka na gurudumu liko chini, hata jeki sihitaji.

Fundi_KisumuNdogo, Jumamosi asubuhi

Ndugu yangu, hizo ni ekseli mbili tofauti, na tofauti yake ni ya kufa na kupona, kwa hiyo niieleze. Kwenye Landi yako gurudumu linakaa kwenye habu yenye beringi zake, na habu inakaa juu ya hauzingi. Uzito wa gari unabebwa na hauzingi. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu, ndiyo maana ukiitoa gurudumu linabaki limesimama. Hata ikikatika, gurudumu haliendi popote.

DX si hivyo. Gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Shafti inazungusha, inabeba uzito, na tena ndiyo inayolishika gurudumu lisitoke nje. Na shafti nayo inashikwa na beringi, na beringi inashikwa na ile kola. Kola ikilegea, shafti inatoka na gurudumu lake barabarani.

BintiShela, Jumamosi asubuhi

Alilosema fundi limenitokea. Si DX, ni gari jingine la zamani la aina hiyo hiyo ya ekseli. Tulikuwa tunatoka Gede kuelekea Matsangoni, kaka yangu anaendesha, mimi na watoto wake wawili nyuma. Nikasikia harufu ya raba kuungua. Nikachungulia dirishani nikaona tairi limetokeza nje ya bodi, si kidogo, karibu upana wa kiganja. Nikapiga kelele. Kaka alikuwa anakwenda polepole kwa sababu ya tuta, na hilo ndilo lililotuokoa. Tulipokwama pembeni, gurudumu lilikuwa limening'inia na shafti yake, imeshikwa na breki tu.

Beringi ilikuwa imebadilishwa wiki tatu kabla, kwenye gereji ambayo sitaitaja. Kola walirudisha ile ile ya zamani. Wameitoa kwa nyundo, wameirudisha kwa nyundo. Naomba sana mtu asome hapa aelewe: kola ni kipande kidogo cha chuma, bei yake si kitu, na watoto wale wawili walikuwa wamekalia juu yake.

NahodhaNgomeni, Jumamosi mchana

Alhamdulillahi dada, mlisalimika.

Nirudi kwa kijana wa Muyeye, maana hiyo kutu naijua. Sisi huku Ngomeni na Gongoni tuko kati ya bahari na mashamba ya chumvi, na gari hula chumvi kila siku. Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka, na kikigeuka kinavimba, kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa. Ganda la beringi na mdomo wa hauzingi vilikuwa vimekaribiana bila nafasi. Kutu imejaa pale katikati ikavimba, sasa ni kama kabari iliyozunguka duara zima. Ndiyo maana vishindo vya dramu havikufanya kitu. Dramu ni nyepesi, na inavuta mara huku mara kule, beringi inalala upande na kuzidi kubana.

Subira itakusaidia kuliko nguvu. Chukua oili ya gia otomatiki, changanya na dizeli nusu kwa nusu, au kama una WD-40 tumia hiyo. Tia kwenye ule mzunguko asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kila ukitia, gonga mdomo wa hauzingi kuzunguka kwa nyundo ndogo, taratibu, kama unayebisha hodi. Mtikisiko ndio unaoifungulia oili njia. Usigonge shafti, gonga hauzingi. Na funika mpira wa breki usilowe.

Kijana_Barani, Jumamosi mchana

Siku tatu nyingi. Gesi dakika kumi mambo yamekwisha. Mimi nimeona ikifanywa.

Fundi_KisumuNdogo, Jumamosi jioni

Hata mimi nimeona, na nimeona yaliyofuata. Hafu shafti imetiwa ugumu kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiifanya nyekundu kwa gesi umeufuta ugumu ule, na hutauona kwa macho. Itapinda au itakatika baadaye, siku gari ina watu watano. Tena ndani ya hauzingi kuna oili na mvuke wake, paipu ya breki inapita hapo hapo, tangi la petroli liko nyuma huko huko. Moto mahali hapo si mchezo.

Kama mtu anataka joto, kuna joto la adabu. Chemsha birika la maji, zungushia kitambaa mdomo wa hauzingi, mimina. Chuma chenye tundu la milimita 60 kikipanda digrii 70 hutanuka kama asilimia tano ya milimita moja. Utasema ni kidogo. Beringi imebanwa kwa kipimo kama hicho hicho, kwa hiyo si kidogo hata kidogo. Sharti uvute mara ile ile, kabla beringi nayo haijapata moto.

Na kuvuta kwenyewe, tengeneza pula. Tafuta bamba la chuma la milimita 10, liweke juu ya dramu yako uchore matundu manne ya bolti za gurudumu, utoboe. Katikati uchomelee nondo nene iliyonyooka, mita moja. Ivishe mzigo mzito wenye tundu katikati, kilo tano au sita, kipande cha shafti kubwa ya lori kilichotobolewa kinafaa sana. Mwisho wa nondo chomelea bamba jingine la kuzuia mzigo. Funga bamba la kwanza kwenye flenji kwa nati zote nne. Unaushika mzigo kwa mikono miwili, unauvuta kwa kasi ugonge mwisho wa nondo. Nguvu yote inakwenda kwenye mstari wa shafti, wala haipindi chochote. Kila ukipiga mara tano, izungushe shafti robo duara, ili beringi itoke imenyooka.

Hakikisha gari imekaa kwenye stendi hasa. Jeki peke yake itakuangusha kwa kishindo cha pili.

Mzee_wa_Mokowe, Jumamosi usiku

Mimi pula hilo sikuwa nalo mwaka niliokwama. Nilitumia bolti mbili ndefu, moja juu na moja chini, zimepita flenji na kusukuma mdomo wa hauzingi, nikikaza zamu kwa zamu nusu mzunguko. Ilitoka. Ila zingatia zisukume hauzingi, si sahani ya breki. Sahani ni bati.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumanne usiku

Nimerudi na habari, nyingine njema, nyingine zimeniuma.

Nilifuata nahodha kwa siku tatu, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya Maghrib. Jumatatu nikaona oili imeanza kuloa kwa ndani, kwenye ukingo ambao mwanzo ulikuwa mkavu. Mchomeleaji mmoja hapa jirani alinitengenezea pula. Mzigo tulipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kilo sita kasoro. Leo saa kumi, birika mbili za maji ya moto, mimi navuta, binamu yangu anamimina. Kishindo cha nne nilisikia sauti imebadilika. Kabla ya hapo ilikuwa inalia kama kengele, sasa ikawa nzito. Nikapima kwa rula, milimita tatu. Sijui nieleze vipi furaha ile.

Kishindo kama cha ishirini shafti ikatoka yote, nikaanguka nayo mchangani. Lakini beringi ilipasuka. Golori zilimwagika chini, ganda la ndani na kola vimebaki kwenye shafti, ganda la nje limebaki ndani ya hauzingi.

Na kola, fundi, imechomelewa. Kuna alama tatu za welding kati ya kola na shafti. Huyo aliyeifanya mara ya mwisho hakuibana, aliipiga nukta za welding. Baba alilipa fedha kwa kazi hiyo, nakumbuka, aliuza nyavu.

Fundi_KisumuNdogo, Jumanne usiku

Pole. Shafti hiyo usiirudishe garini kwa hali yoyote. Pale ilipopigwa welding chuma kimepata moto na kupoa ghafla, kinakuwa kikavu kama kioo, na ufa huanzia hapo. Tafuta shafti nyingine, hata ya mtumba, mradi imenyooka na mahali pa sili pawe laini bila mfereji.

Ganda la nje usilichimbe kwa tindo, utakwaruza hauzingi. Mwaga oili ya difu yote kwanza. Toa sili, ziba ndani ya paipu ya hauzingi kwa kitambaa kilicholowa maji. Toa waya wa betri. Mwite yule yule mchomeleaji, apige mstari wa welding kuzunguka upande wa ndani wa ganda, duara zima. Waya wa arthi aubane kwenye mdomo wa hauzingi hapo hapo, asiubane mbele ya gari, kwa sababu umeme ukipita kwenye beringi za difu utazitoboa vijidoa na zitavuma mwezi ujao. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama moto tu. Welding ikipoa inajikunyata na kulivuta ganda. Utalitoa kwa vidole.

Kijana_Barani, Jumanne usiku

Hapo basi moto umeruhusiwa?

Fundi_KisumuNdogo, Jumanne usiku

Swali zuri. Sasa shafti haimo, na ganda tunalitupa. Moto ule unakaa kwenye kitu cha kutupwa na hausafiri mbali. Ule wa mwanzo ungekaa kwenye kitu kinachobeba watu.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumatano jioni

Ganda limetoka. Lilipopoa nililisukuma kwa bisibisi likaanguka lenyewe kwenye kiganja.

Nyuma yake kulikuwa na ukanda wa bati. Mtu alikata bati la mkebe wa maziwa, akaliviringisha, akalitia kati ya beringi na hauzingi. Maandishi ya mkebe bado yanasomeka upande mmoja. Sasa naelewa kwa nini ilikuwa ngumu vile. Mdomo wa hauzingi umekwisha kuliwa, beringi ilikuwa inacheza, akaijaza bati badala ya kumwambia baba ukweli. Bati likashika kutu na kuvimba pande zote mbili.

Nimeijaribu beringi mpya, inaingia kwa kidole na inatikisika. Fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.30 inapita upande wa chini. Kuna gundi za kushikia beringi, zinatosha?

NahodhaNgomeni, Jumatano usiku

Bati na maji ya chumvi! Hiyo ilikuwa inasubiri tu.

Fundi_KisumuNdogo, Jumatano usiku

Gundi zile ni nzuri kwa nafasi ndogo, unywele tu. Kwa 0.30 mimi siziamini kwenye gurudumu. Una njia mbili. Hauzingi ipelekwe kwa mkerezaji Mombasa, atanue mdomo na kuingiza kikombe cha chuma kipya kwa kipimo cha beringi. Au utafute hauzingi nzima ya mtumba, yenye mdomo mzima. DX zilikuwa nyingi nchi hii, bado utaipata. Nenda na beringi mpya mfukoni na uijaribu pande zote mbili kabla ya kutoa pesa. Inatakiwa ikatae kuingia kwa kidole, iingie kwa kugongwa kidogo.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumapili usiku

Nimepata hauzingi Mombasa, pamoja na shafti moja ya kulia, imefika kwa pikapu ya mwenzangu. Nilijaribu beringi kama ulivyosema. Kwenye hauzingi ya kwanza niliyoonyeshwa ilizama yenyewe, nikaikataa. Ya pili iligoma kwa kidole pande zote mbili. Nikachukua hiyo.

Ili kuhamisha difu ilibidi nitoe na shafti ya kushoto. Pula lile lile, bila maji ya moto, bila kuloweka. Ilitoka kwa vishindo vitatu. Upande wa kushoto haukuwahi kutiwa bati. Kule kubadilisha mikono minne ya ekseli na ile fimbo ya pembeni sitawachosha, ni kazi ya jasho tu, bolti zote zilihitaji bomba kwenye spana.

Sasa nimefika kwenye kola mpya na nimesimama. Nieleze fundi, nisikosee hapa.

Fundi_KisumuNdogo, Jumapili usiku

Umefanya vizuri kusimama. Mpango wa vitu kwenye shafti ni huu, na uukariri kabla hujagusa presi: bamba la kushikilia beringi linaingia kwanza, kisha ile pete ya nafasi, kisha beringi, kola mwisho. Ukisahau bamba, utakata kola mpya na kuanza upya.

Beringi ibanwe kwa presi kwa kusukuma ganda la ndani peke yake. Ukisukuma ganda la nje, golori zinaumizwa kabla haijatembea hata mita. Kola ipashwe kwenye oili, sufuria juu ya jiko la makaa, mpaka kama digrii 150. Iweke juu ya kipande cha waya isiguse chini ya sufuria. Ikifika, itoe kwa koleo, ivishe shafti kwa mkupuo mmoja mpaka iguse beringi. Una sekunde chache. Usijaribu kuangalia kama imekaa vizuri ikiwa nusu njia, itabana hapo hapo. Shafti iwe safi, haina oili, imesimama wima.

Wala usikisie joto kwa macho.

BintiShela, Jumapili usiku

Nina kipimajoto cha oili, ninachotumia kukaangia mahamri. Kinafika digrii 300. Niko Shela hii ya Malindi, si mbali na wewe kaka. Njoo uchukue kesho.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumatatu usiku

Dada, Mungu akulipe. Tulifika digrii 152, nikatoa, ikaingia kwa mlio mdogo, tk, na ikakaa. Baada ya kupoa tumeipeleka kwenye presi tuione kama itasogea kwa nguvu ya kiasi. Haikusogea.

Upande wa kushoto nimeweka beringi na kola mpya vilevile, sikutaka kuulizana nayo baadaye. Kola ya zamani niliikata kwa kuitoboa kwa drili, nikaacha unene kama wa karatasi, nikaipasua kwa tindo. Shafti haikuguswa.

Fundi_KisumuNdogo, Jumatatu usiku

Kesho ukirudisha: sili mpya uigonge kwa kipande cha mbao bapa, iingie sawa, mdomo wake upake grisi. Shafti uipitishe ukiwa umeibeba, usiilaze juu ya sili, maana meno yake yatakata raba na utaanza kuona oili tena kabla ya Ijumaa. Ikifika ndani izungushe polepole hadi meno yakutane, utaisikia ikizama. Breki shuu zilizolowa oili zitupe, ukiziosha kwa petroli zitaonekana kavu, na zikipata moto oili itatoka tena. Oili ya difu ni GL-5, SAE 90, jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la pembeni.

Halafu kuna kitu ambacho karibu kila mtu husahau. Juu ya hauzingi kuna kidude kidogo cha kupumulia. Kikiziba, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Na ukivuka maji ekseli ikiwa na moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizo hizo. Kisafishe kwa waya mpaka upulize hewa ipite.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumamosi usiku

Kidude kilikuwa kimeziba kabisa kwa matope. Nimekisafisha.

Gari iko barabarani. Alhamisi nilikwenda Mambrui na kurudi, nikavuka daraja la Sabaki na vioo vimefunguliwa ili nisikilize. Kimya. Jana nimekwenda Watamu. Leo asubuhi nimeinua nyuma, nimeshika kila gurudumu juu na chini nikavuta na kusukuma, halichezi. Nimetoa dramu zote mbili, ndani kukavu. Nimeangalia tena oili, haijashuka wala haina maji.

Mama amepanda leo mchana. Alikaa kiti chake cha mbele, tukafika Barani ndipo akaniuliza mbona gari imenyamaza.

Lile bati la mkebe nimelihifadhi. Pula liko kwangu Muyeye, nimelipaka rangi lisishike kutu. Yeyote wa Malindi mpaka Gongoni anayelihitaji aje alichukue, alirudishe tu akimaliza.

NahodhaNgomeni, Jumamosi usiku

Nitapita Jumatatu nikitoka sokoni. Hilux yangu imeanza kuvuma nyuma kushoto. Flenji yake ina bolti sita, nitatoboa matundu mengine kwenye bamba, kama utaniruhusu.

Mtoto_wa_Muyeye, Jumamosi usiku

Toboa nahodha. Na njoo mapema, tuanze kuiloweka siku hiyo hiyo.